Je, Msitu wa Jozani Unatosha Peke Yake? Jibu kwa Familia Inayotaka Kufyeka Uwanda

Swali la msomaji:

"Assalamu alaykum. Familia yetu ina shamba la minazi na miembe upande wa Pete, pembezoni mwa Hifadhi ya Jozani hapa Unguja, pamoja na kipande cha uwanda (ardhi ya mawe yenye vichaka) ambacho marehemu babu alikuwa akikilima mtama na choroko. Kaka yangu anataka tuufyeke uwanda wote, tuuze kuni na mkaa, kwa hoja kwamba wanyama wanakaa msituni na kwenye mawe hakuna kitu. Anasema pia kwamba kima punju (kima wekundu wa Unguja) wanatumalizia nazi changa, kwamba mti wanaoula hufa, na kwamba wameongezeka mno kwa sababu kila siku tunawaona shambani makundi kwa makundi. Karibuni tuliwakuta wanakula mkaa kwenye tanuri la jirani, tukaingiwa na hofu kuwa wanaumwa. Je, ni kweli kwamba msitu wenyewe unawatosha wanyama, na hivyo vichaka vya mawe na mikoko si vya lazima? Tukiufyeka uwanda tutapoteza nini?"

Jibu:

Wa alaykum salaam, ndugu msomaji. Ndani ya swali lako kuna mambo mawili ambayo familia nyingi za pembezoni mwa hifadhi huyabeba pamoja: haja ya kweli ya kipato, na wasiwasi kwamba huenda mnaharibu kitu ambacho hamkijui vizuri. Wasiwasi huo ni wa haki, na haja hiyo pia ni ya haki, kwa hiyo sitakujibu kwa kukukataza tu.

Jibu la moja kwa moja ni kwamba msitu mrefu wa Jozani hauwatoshi wanyama wake. Hifadhi hiyo, ambayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ina takriban kilomita za mraba 50 tu, na msitu wa majimaji ambao wageni huuona karibu na lango ni sehemu ndogo ya eneo hilo. Sehemu iliyobaki ni uwanda, mikoko, na vipande vya nyasi na ardhi ya chumvi vilivyo baina yake. Uhai wa msitu unategemea mazingira hayo yanayouzunguka, na uwanda wenu, hata kama uko nje ya mpaka, unashiriki katika kazi hiyo.

Ili kuelewa kwa nini mahali padogo namna hiyo pana mazingira mengi yanayotofautiana, inabidi tuanze chini kabisa, kwenye jiwe. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Unguja imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, uliojengwa na viumbe wa baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Bahari iliposhuka, mwamba huo ulibaki nchi kavu, na tangu wakati huo mvua imekuwa ikiuyeyusha na kuutoboa, ikaacha nyufa, mashimo na mapango. Ndiyo maana huoni mito katika upande huo wa kisiwa: mvua inaponyesha, maji hayatiririki mbali, bali huzama kwenye nyufa hadi yanapokutana na maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini chini kwa chini. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo hukaa juu yake bila kuchanganyika kwa urahisi, na tabaka hilo jembamba la maji baridi ndilo linalonywesha visima, mashamba na miti ya eneo lote.

Sasa itazame Jozani ilivyokaa. Iko katika bonde la kina kifupi baina ya Ghuba ya Chwaka upande wa kaskazini na ghuba ya Uzi upande wa kusini. Ndani ya bonde hilo ardhi imeshuka kiasi cha kuyakaribia maji ya chini, udongo umejikusanya kwa kina cha kutosha, na masika yanapokolea maji hutuama juu ya ardhi. Hapo ndipo mitondoo, michikichi na mikadi hupata nafasi ya kukua kwa urefu na kufunga kivuli. Ukitoka bondeni na kupanda kidogo, jiwe linatokeza, udongo unabaki katika vishimo vya kiganja kimoja au viwili, na miti inakuwa mifupi, migumu, yenye majani madogo ya ngozi yanayostahimili kiangazi. Ukienda upande wa ghuba, maji kujaa na kupwa yanaanza kutawala na mikoko inachukua nafasi. Tofauti ya mwinuko baina ya mazingira haya matatu ni ndogo sana, lakini kwa mti ni tofauti ya kuwa na mizizi ndani ya maji baridi, ndani ya ufa mkavu wa jiwe, au ndani ya tope la chumvi.

Niseme pia kwamba msitu huo si msitu ambao haujaguswa na mkono wa mtu, ingawa watu wengi huamini hivyo. Ulikatwa mbao katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na baadhi ya miti iliyomo ilipandwa. Nalitaja hili kwa sababu linatia moyo: mahali palipotumiwa sana panaweza kurudi kuwa makazi ya wanyama adimu, mradi mizizi, udongo na maji havikuharibiwa.

Tuje kwenye uwanda, ambao kaka yako anauona mtupu. Nakubali kwamba mtu akipita barabarani haoni kitu pale zaidi ya kichaka kilichojifunga na jiwe linalokata miguu. Lakini kichaka cha zamani cha uwandani, kile ambacho hakijakatwa kwa miaka mingi, ndicho makazi makuu ya paa nunga, mnyama ambaye duniani kote anapatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya tu, kama Arabuko-Sokoke na ile ya Boni na Dodori. Paa huyu ni mdogo, ana rangi ya kahawia nyekundu na mstari mweupe unaopita juu ya mapaja, na ni mwoga kiasi kwamba hata watu waliozaliwa jirani naye huweza kupitisha miaka bila kumwona. Hula majani yaliyoanguka, maua na matunda, na mara nyingi hufuata chini ya miti ambayo kima wanakula juu yake, akiokota kile wanachokidondosha. Hapo utaona jinsi mnyama wa juu ya mti na mnyama wa chini ya kichaka wanavyofungamana: ukimwondolea kima matawi, umempunguzia na paa chakula.

Kichaka kilichokatwa jana na kuchipua mwaka huu hakimfai sana paa nunga. Anahitaji kichaka kilichokomaa, chenye kivuli cha juu na nafasi ya kupita chini. Kwa hiyo hoja kwamba "kitaota tena" ni ya kweli kwa mti, lakini kwa mnyama ni ya kweli nusu tu, kwa sababu anahitaji pa kuishi katika miaka yote ambayo kichaka kinakua. Zamani, babu yako alipolima mtama na choroko, aghalabu watu walikata kipande kimoja, wakakilima kwa misimu michache, kisha wakakiacha kipumzike kwa miaka mingi huku vipande vya jirani vikiwa bado vimesimama. Paa alihama hatua chache tu. Hatari ya leo inatokana na kukata vipande vyote kwa wakati mmoja, na kuvirudia kabla havijakomaa.

Pamoja na paa nunga, uwanda ni makazi ya pelele (pimbi wa mitini), komba, ngawa, njule mwenye pua ndefu anayepekua majani makavu akitafuta wadudu, na popo wanaokaa katika mapango. Kima punju wenyewe huingia humo kutafuta majani machanga, hasa mahali uwanda unapopakana na msitu. Kaka yako akitaka kujiridhisha, aende alfajiri, bila mbwa, akae kimya kwa muda mrefu kuliko anavyodhani unatosha. Asipomwona mnyama, atazame chini: vinjia vyembamba vinavyopita chini ya matawi kwa kimo cha goti, na vipande vidogo vya kinyesi vilivyorundikwa mahali pamoja, vitamwambia kwamba mahali hapo pana wenyewe.

Upande wa mikoko nao umedharauliwa kwa muda mrefu, ingawa ndiko kwenye jambo la ajabu kuliko yote ninayoyajua kuhusu hifadhi hii. Mikoko ya Ghuba ya Chwaka ndiyo mikubwa kuliko yote ya Unguja. Mti wa kawaida ungekufa pale kwa sababu mbili: tope lake halina hewa, na maji yake yana chumvi. Kila aina ya mkoko imepata njia yake ya kushinda. Mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi iliyojipinda hewani, mchu hutoa vijizizi vinavyochomoza kutoka topeni ili kuvuta hewa maji yanapokupwa, na majani yake hutoa chumvi hata ukiyalamba utaisikia. Mlilana husimama mbele kabisa kuikabili bahari, mkandaa na muia hukaa nyuma ambako maji hayafiki kila siku. Mpangilio huo unatokana na mara ngapi kila sehemu inafunikwa na maji, na ndiyo sababu mkoko uliokatwa mahali pamoja hauwezi kufidiwa kwa kupandwa popote pale penye tope.

Kima punju hula majani ya mikoko hiyo. Watafiti waliowafuatilia katika mikoko ya Uzi na Vundwe, kusini mwa Jozani, waligundua kwamba kima hao hunywa maji mara kwa mara, wakiyatafuta katika matundu ya miti na kuyalamba juu ya majani baada ya mvua. Hilo si la kawaida kwa jamii ya kima hawa, ambao kwa desturi hupata maji ya kutosha ndani ya majani wanayokula. Wanaoishi mikokoni hulazimika kunywa kwa sababu ya chumvi. Maana yake ni kwamba mikoko huweza kuwa kimbilio, tena kimbilio la thamani, lakini ina gharama yake, na inatumika vizuri zaidi na mnyama anayeweza kurudi mahali penye maji baridi. Mikoko isiyoungana na nchi kavu yenye miti ni kimbilio pungufu.

Kuhusu bahari nitasema machache, kwa sababu wavuvi wa Chwaka na Charawe wanaifahamu kuliko mimi. Majani ya mikoko yanayoanguka huliwa na kaa na viumbe wadogo, na samaki wachanga kama changu na chafi hukulia baina ya mizizi na katika nyasi za baharini zilizo mbele yake kabla ya kuelekea kwenye maji ya kina. Ukumbuke jambo moja linalohusu uamuzi wenu: kuni za uwandani zikiisha, watu wa maeneo haya hawaachi kupika. Huhamia mikokoni. Kwa njia hiyo uwanda uliofyekwa leo huweza kuonekana kesho katika nyavu za mvuvi, ingawa hakuna mnyama wala mti uliotoka mahali pamoja kwenda pengine.

Sasa tuje kwa kima punju, ambao naona ndio wanaowakera zaidi. Nianze na mkaa, maana hofu yenu kwamba wanaumwa haina msingi, na maelezo yake yanafafanua na mambo mengine.

Kima huyu ni mla majani. Tumbo lake lina vyumba kadhaa, na chumba cha mwanzo hufanya kazi kama chungu cha togwa: vijidudu vilivyomo huchachusha majani na kuyavunja kabla hayajaendelea mbele. Kwa sababu hiyo hawezi kula ndizi au embe bivu kwa wingi, kwani sukari nyingi huchacha haraka mno na kulitia tumbo asidi ya hatari. Anapendelea majani machanga, vikonyo, maua na matunda mabichi. Majani ya miembe na mikungu (miti inayozaa kungu) yana protini nyingi, na hivyo yanamvutia, lakini yana pia kemikali zinazozuia mmeng'enyo na kulemea mwili. Mkaa una uwezo wa kuzinasa kemikali hizo na kupita nazo nje, huku ukiacha sehemu kubwa ya protini itumike. Tabia hiyo ilichunguzwa hapa hapa Jozani na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1997, na inaonekana zaidi kwa kima wanaoishi mashambani kuliko wanaoishi msituni, kwa sababu mashambani ndiko kwenye miembe na mikungu. Kwa hiyo mliowaona tanurini hawaumwi. Wamepata dawa ya chakula ambacho hawakukizoea.

Kuhusu nazi changa, ninaelewa kwa nini mkulima hukasirika anapoona vidaka vimetapakaa chini ya mnazi. Lakini jambo hili nalo limepimwa. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walilinganisha ulaji wa kima na mavuno ya nazi katika mashamba ya jirani na Jozani, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 1999 yalionyesha kwamba ulaji huo haukupunguza mavuno. Mahali kima walipokula zaidi, mavuno yalielekea kuwa makubwa zaidi. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni kwamba mnazi hufunga vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvikomaza, na huvipukutisha vingine wenyewe, hivyo kima huondoa vile ambavyo vingi vyake vingeanguka, na vinavyobaki hupata nguvu. Sitaki ulichukue hili kuwa kibali cha kila hasara. Utafiti huo ulihusu nazi, na kima punju huweza kweli kuharibu majani machanga ya mazao ya bustani. Mkulima anayelalamikia hasara ya aina hiyo anastahili kusikilizwa.

Zaidi ya hayo, hakikisheni mnamlaumu mnyama sahihi. Kima punju ana mgongo mwekundu wa kahawia, mabega meusi, tumbo jeupe, na nywele ndefu nyeupe zilizouzunguka uso. Kima mwingine wa Unguja ni wa rangi ya kijivu yenye ukijani, ana koo jeupe na vifuko mashavuni vya kuhifadhia chakula, na huyo ndiye anayependa matunda mabivu na kuyabeba kwa haraka. Ndizi au papai bivu likiliwa, mtazameni huyo kwanza.

Mti unaoliwa na kima hufa? Mti mzima wenye afya hupoteza majani na kuchipua tena, na mkungu hasa huonekana kama umekufa kabla ya kuvaa majani mapya. Mti mdogo au ulio dhaifu kwa sababu nyingine huweza kushindwa, ndiyo. Lakini mnazi ukianza kunyauka kuanzia moyo wake, panda ukatazame kama kuna tundu kwenye shina la majani machanga. Aghalabu utakuta ni kazi ya chonga, yule mbawakawa mkubwa mwenye pembe, ambaye huzaliana katika magogo ya minazi yanayooza na kwenye marundo ya samadi. Kuondoa magogo hayo shambani kutawasaidia kuliko kumfukuza kima.

Limebaki suala la wingi wao, na hapa naomba kaka yako anisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo hoja yake inapomgeukia. Sensa ya kisiwa kizima iliyochapishwa mwaka 2019 ilikadiria kwamba kuna kima punju karibu 5,800. Ni wengi kuliko ilivyodhaniwa awali, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini ni wote waliopo duniani, ukiondoa wachache waliopelekwa Ngezi, Pemba, mwaka 1974. Jike huzaa mtoto mmoja kwa wakati mmoja na hukaa muda mrefu kabla ya kuzaa tena. Makundi makubwa mnayoyaona shambani hayaonyeshi kwamba kisiwa kimejaa kima. Yanaonyesha kwamba kima waliokuwa wametawanyika katika vichaka na miti ya eneo pana wamebanwa katika ukanda mwembamba uliobaki na chakula, na ukanda huo ni pamoja na shamba lenu. Mkiufyeka uwanda unaopakana nalo, kima waliokuwa wakigawanya siku yao baina ya uwanda, msitu na shamba watalazimika kuitumia sehemu kubwa zaidi ya siku shambani. Kero mnayotaka kuiondoa itaongezeka.

Hilo ndilo mtakalopoteza kwanza, na mtalipata mapema. Baadaye mtapoteza udongo. Juu ya mwamba wa matumbawe, udongo ni mchache na umeshikwa na mizizi pamoja na majani yanayooza. Kichaka kikikatwa chote na kuchomwa moto, jua na mvua huuondoa udongo huo haraka, na sehemu yake huzama nyufani usiweze kurudi tena. Visiki vilivyoungua sana navyo havichipui. Mtapata fedha ya kuni na mkaa mara moja, na fedha hiyo ni ya kweli, siwezi kuidharau, lakini uwanda ulioungua mpaka kwenye jiwe hautawapa mavuno ya pili kwa muda mrefu sana.

Je, kuna njia nyingine? Zipo, na kila moja ina upungufu wake. Ya kwanza ni kuukata uwanda kwa zamu. Mnaugawa katika vipande, mnakata kimoja kwa wakati mmoja, mnaacha visiki vya kimo cha kiganja bila kuvichoma, na hamrudii kipande hicho mpaka kimekomaa. Vichaka vingi vya uwandani huchipua vizuri kutoka kwenye kisiki. Mapato ya mwaka mmoja yatakuwa madogo kuliko ya kufyeka wote, lakini yataendelea. Nikiwa na uhuru wa kuchagua, ningeacha kabisa bila kukata ukanda unaogusa msitu au mikoko, pamoja na sehemu zenye mapango na miti mirefu, kwa sababu huo ndio ushoroba ambao wanyama huupitia, na ukikatika ni vigumu sana kuuunganisha tena.

Ufugaji wa nyuki unafanyika katika vijiji vya jirani na uwanda unaufaa kwa maua yake. Hata hivyo unahitaji mtu wa kuusimamia, maji karibu, na uvumilivu, na haulipi katika msimu wa kwanza. Kupanda mivinje kwa ajili ya kuni na majengo ni wazo zuri mahali penye mchanga au ardhi iliyokwisha kuchoka, lakini msiufyeke uwanda wa asili ili kupanda mivinje, kwani paa na njule hawapati humo walichokuwa wakikipata. Kuhusu utalii nitakuwa mkweli: si kila familia itapata kazi ya kuongoza wageni au duka la vitu vya mikono. Hata hivyo, kwa miaka mingi sehemu ya mapato ya hifadhi imekuwa ikielekezwa kwenye mifuko ya vijiji na kwa wakulima ambao mashamba yao hutembelewa na kima, na kama hamjajiandikisha kama wakulima wa aina hiyo, huenda mnapitwa na haki yenu. Kwa kuwa UNESCO iliitambua Jozani na Ghuba ya Chwaka kuwa hifadhi ya biosfia mwaka 2016, vijiji na mashamba yanayoizunguka yanahesabiwa kuwa sehemu ya mpango wenyewe, na mnayo sauti ndani yake.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi, na hapo ni lazima mwonane na watu ana kwa ana. Kabla ya kukata chochote, nendeni kwa sheha na kamati ya uhifadhi ya kijiji chenu, mwulize kipande chenu kimewekwa katika eneo gani la mpango wa matumizi ya msitu wa kijiji, maana sehemu nyingine zimetengwa kwa matumizi na nyingine kwa hifadhi. Ukataji wa kuni na uchomaji wa mkaa kwa ajili ya kuuza unahitaji kibali chini ya Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996, na kibali hutolewa baada ya ofisa misitu kupaona mahali penyewe. Mwombeni atembee nanyi uwandani na awaonyeshe visiki vinavyochipua, mahali pa kuacha, na mahali panapoweza kukatwa bila madhara makubwa. Kwa minazi inayonyauka, mwiteni bwana shamba aipande na kuitazama, kwani dalili za chonga, ukame na maradhi hufanana kwa mtu aliye chini. Hasara ya mazao iandikeni siku ile ile, kwa picha kama mnaweza, kisha mwite mjumbe wa kamati aishuhudie kabla hamjasafisha.

Msiwape kima chakula wala kuwaruhusu watoto kuwashika. Mtu yeyote akiumwa au kukwaruzwa na kima, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo ili daktari aamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda, hata kama jeraha linaonekana dogo. Mkimkuta kima aliyegongwa barabarani, msimguse, bali wapigieni watu wa hifadhi. Matuta yaliyowekwa katika barabara ya Pete yalipunguza vifo hivyo kwa kiasi kikubwa, lakini madereva wengine bado hukimbiza magari katikati ya matuta.

Kama kaka yako bado hajashawishika, mwombeni akubali jambo moja dogo: akate kipande kimoja tu mwaka huu, kilicho mbali na msitu, bila kuchoma visiki, na ukanda wa pembeni uachwe. Baada ya masika mawili mtakuwa na ushahidi wenu wenyewe wa namna uwanda unavyochipua na namna kima wanavyoitumia miembe yenu, na ofisa misitu atakuwa na kitu cha kuwashauri juu yake.